UZI: Baridi ya Juni haiui mche wa parachichi, maji ya kila siku ndiyo yanaua (kwa wakulima wa Arusha na Moshi)

Mwanakitalu

Wakuu heshima kwenu, hasa mlioko Meru, Arusha, Hai, Siha na Moshi Vijijini.

Mwezi wa sita ukiingia, mawingu yakashuka na mlima ukapotea siku nzima, naulizwa swali lile lile na watu walionunua miche ya parachichi: "Baridi inaua miche yangu, niifunike na nini?" Wapo walioivisha magunia. Wapo waliojenga vibanda vya nailoni. Na karibu wote wanaongeza maji, asubuhi na jioni, kwa nia njema kabisa ya kuusaidia mti uvuke msimu.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu miche ya kubebesha (ile iliyoungwa kikonyo cha aina nyingine juu ya shina) ni ghali, na kuna familia huku zimeng'oa kahawa ili zipande parachichi aina ya Hass. Inauma kuona mche unakauka Agosti kwa jambo lililofanyika Juni.

Nianze na baridi yenyewe. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini zaidi, kwenye mita 800 na kitu, halafu kuna Machame, Kibosho na Marangu huko juu. Usiku wa Julai hapa Arusha joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Mtu analala na blanketi mbili, ni kweli. Lakini mparachichi haudhuriki na nyuzi 10. Kinachounguza majani yake ni jalidi, ile barafu ya alfajiri wanayoijua wenzetu wa Njombe na Makete kwenye viazi. Kwenye vihamba (mashamba yetu ya nyumbani huku mlimani) na mashamba yetu ya kawaida haipo.

Kinachobadilika huku kwetu ni kasi ya mti kunywa maji. Jua likiwa hafifu na hewa ikiwa na unyevu, majani yanapoteza maji kidogo, kwa hiyo mizizi nayo inanyonya kidogo. Udongo bado umelowa tangu masika, na manyunyu ya usiku yanaongeza. Ukimwaga ndoo juu ya hapo, maji yanakaa. Nafasi za hewa ndani ya udongo zinajaa, mizizi inakosa oksijeni, na hapo ndipo ugonjwa wa kuoza mizizi unapata njia.

Kimelea chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi. Wataalamu walikieleza mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye mimea ya mdalasini kule Sumatra, na leo hakuna ugonjwa unaotisha wakulima wa parachichi duniani kama huu. Kinazaa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji ya udongo mpaka vikutane na ncha laini za mizizi. Udongo ukiwa na unyevu wa wastani havifiki mbali. Udongo ukiwa tope vinasambaa shimo zima.

Na mparachichi wenyewe una mizizi isiyojitetea. Mingi ya kulisha iko juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza, na haina vinyweleo vingi kama mimea mingine. Fukua taratibu pembeni mwa mche wako uangalie. Mizizi mizima ina rangi nyeupe ya maziwa na inapinda bila kukatika. Iliyooza ni myeusi, ukiigusa inavunjika.

Sasa sikilizeni mtego ulipo. Mizizi ikioza, majani yananyauka. Mwenye shamba anaona majani yamelegea, anasema mti una kiu, anaongeza maji. Kesho yamelegea zaidi, anaongeza tena. Wengine hawaoni dalili yoyote Juni na Julai kwa kuwa mti haudaiwi maji mengi. Wanapongezana kwamba baridi imepita salama. Agosti mwishoni jua linarudi, upepo unaanza, majani yanadai maji, mizizi ya kuyaleta haipo. Mche unakauka ndani ya muda mfupi na watu wanalaumu jua.

Kabla hujamwagilia, ingiza mkono. Chimba kwa kijiti kina cha kiganja kizima, sentimita 15 hadi 20, chukua udongo wa chini uufinye. Ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani, ondoka na ndoo yako, rudi baada ya siku kadhaa. Ukimomonyoka, mpe maji. Udongo wa juu usikudanganye, huwa unakauka kwa upepo wakati chini ni tope.

Kama shimo lilikuwa bonde, yaani udongo umetitia na maji yanasimama kulizunguka shina, chimba mfereji wa kuyatoa upande wa mteremko. Hii ni kazi ya nusu siku na inaokoa miti kuliko dawa yoyote. Wanaopanda msimu ujao wainue mche juu ya tuta pana, hasa mwenye udongo mzito. Shimo la futi mbili kwa mbili ni zuri, lakini ukilijaza udongo laini katikati ya mfinyanzi mgumu umejenga pipa.

Matandazo wekeni, majani makavu ya migomba yanafaa sana, ila yaache shina kwa nafasi ya kiganja kizima kila upande. Matandazo yaliyosukumwa mpaka kwenye shina yanaozesha gome msimu huu na yanakaribisha mchwa msimu wa kiangazi. Angalieni pia pale mche ulipobebeshwa. Kiungo kile lazima kiwe juu ya udongo, na maotea yanayochipua chini yake yang'olewe, la sivyo utakuja kuvuna parachichi ya shina la chini na si Hass.

Kile kivuli cha makuti au matawi mlichoweka wakati wa jua kali, kiondoeni Juni. Jua ni dogo, mti unalihitaji lote, na udongo nao upate joto. Mtakirudisha Septemba.

Mbolea za kukuzia msiweke sasa. Mti ukisukumwa utoe majani laini wakati mizizi imelala unachoka bure. Samadi mbichi ndiyo kabisa, inaunguza. Nailoni toeni leo: inafungia unyevu, na ukungu unapenda hapo.

Karibuni kwa maswali.

Binti Kibosho

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi miche yangu iko kihambani kati ya migomba, mfongo (mfereji wetu wa asili wa maji) unapita juu yake. Minne imekuwa ya njano, majani madogo, mmoja kati yake umelegea kabisa na udongo umelowa. Baba anasema ni baridi na tumwagie maji ya moto kidogo. Nifanyeje?

Mwanakitalu

Dada Kibosho, maji ya moto usimwage, mwambie baba kwa heshima zote. Anza na mfongo. Maji yakipita juu ya miche na udongo wa mfereji unavuja, miche yako inamwagiliwa usiku na mchana hata usipogusa ndoo. Tafuta mahali yanapovujia, ziba kwa udongo wa mfinyanzi, au chimba mtaro mdogo kati ya mfongo na miche uyapeleke kwenye migomba, yenyewe haitakataa.

Ile mitatu ya njano fukua pembeni uone mizizi. Ikiwa mingi bado ni myeupe, acha kumwagilia kabisa, inua udongo kuzunguka, punguza migomba inayoizibia jua, na usikate majani yake. Huo ulionyauka na mizizi yote ni myeusi, ung'oe na udongo wake wa karibu, usiutupe kwenye mfongo maana utawapelekea ugonjwa wa chini. Hapo usipande mparachichi mwingine wala makadamia, nayo inashambuliwa. Weka mgomba.

Jembe lililofukua hapo lisafishe matope yote kabla ya kwenda kwenye mche mwingine. Hili watu hawalizingatii. Tope la kwenye jembe na la kwenye buti ndilo linalohamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba.

Mkulima wa Kisongo

Mwanakitalu nakuheshimu ila hapa umeandikia watu wa mlimani. Huku Kisongo Julai ni baridi lakini ni kavu. Upepo unavuma toka asubuhi, vumbi tupu, masika yenyewe yalikuwa ya kubahatisha. Mtu wa huku akisoma uzi wako akaacha kumwagilia, Agosti hana mche hata mmoja.

Mimi nimepanda upande wa Monduli na nilichojifunza ni kwamba upepo wa baridi unakausha kuliko jua. Majani yanapukutika upande mmoja tu, ule unaopigwa. Nimezungushia mabingobingo (zile nyasi ndefu za mifugo) upande wa mashariki na kusini, kila mche una kijiti mbili za kuushika usiyumbe, maana ukiyumba mizizi michanga inakatika. Maji natoa, lakini kwa kipimo. Chupa kubwa ya maji nimetoboa tundu dogo chini, naichimbia nusu karibu na mche, inadondosha taratibu. Udongo haupati tope na mti haupati kiu.

Mwanakitalu

Kaka Kisongo, umesema kweli na naomba kila mtu wa Kisongo, Monduli, King'ori chini na tambarare za Hai asome maoni yako kabla ya yangu. Ndiyo sababu nimesema mkono uingie kwenye udongo kwanza. Mkono utamwambia wa Kibosho aache na utamwambia wa Kisongo amwagilie. Kalenda haiwezi.

Upepo umeueleza vizuri kuliko mimi. Ningeongeza tu kwamba ukuta wa upepo usiwe mnene kama bati, upepo uliozuiwa kabisa unaruka juu na kushuka kwa nguvu nyuma yake. Mabingobingo yanapenya kidogo, ndiyo maana yanafaa. Yapande mbali na mche ili yasigombanie maji.

Msafiri wa Themi

Habari za nyumbani wakuu. Mimi ni wa Arusha, nafanya kazi ya bustani London, na ningependa kuongeza kitu kwa sababu naona ndugu zangu wengi wananitumia video za huku wakiniuliza kama wakate matawi Julai "wakati mti umelala".

Huku mti wa barabarani uliozoeleka ni platani. Ni chotara wa platani wa Marekani na wa mashariki, umeenea mjini kwa sababu unavumilia moshi na vumbi, na gome lake linabanduka vipande vipande. Pale Berkeley Square kuna iliyopandwa mwaka 1789 na bado imesimama. Vuli ya huku inapofika unamwaga majani yote. Baridi inashuka chini ya sifuri na mti hauna shida, kwa sababu umelala kweli. Kinachoulaza ni baridi pamoja na siku kuwa fupi: Desemba mchana wa London ni saa nane hivi, wakati Juni ni zaidi ya saa kumi na sita. Mti unapokea ishara miezi mingi kabla. Kwa hiyo sisi tunakata matawi majira ya baridi, wakati hauna majani na tunaona umbo lake lote. Kumwagilia hatumwagilii. Mti mchanga tunauwekea matandazo, tunakagua kamba na kigingi visiuminye, na tunahakikisha maji hayasimami kwenye shimo.

Arusha iko nyuzi tatu kusini ya ikweta. Mchana wa Julai na wa Desemba unatofautiana kwa dakika kama ishirini tu. Hakuna ishara ya kuulaza mparachichi, na haumwagi majani yake yote. Unapunguza mwendo tu. Ukiukata Julai kama sisi tunavyokata platani, unaupunguzia majani machache yanayoufanyia kazi kwenye jua dogo, na jua la Septemba likirudi linakuta gome liko wazi, linalipasua.

Jambo moja tu linafanana. Platani nao una ugonjwa wa ukungu unaounguza machipukizi, na haupigi wakati wa barafu. Unapiga majira ya kuchipua, pale hewa ikiwa ya baridi na mvua hazikatiki wakati majani mapya yanatoka. Baridi kavu haiutishi mti huu. Baridi na maji kwa pamoja ndiyo shida, kama Mwanakitalu alivyosema.

Mwanakitalu

Ahsante sana Msafiri. Hili la siku fupi sikuwahi kulisikia likielezwa wazi hivyo. Wanaotaka kupogolea wangoje, waondoe tu tawi lililokufa au lililovunjika. Na anayelazimika kukata tawi kubwa, apake chokaa iliyozimuliwa kwenye gome lililofunuliwa.

Mzee wa Machame

Vijana, shikamoo haishuki chini, lakini niwasalimu wote.

Sisi tuliolima kahawa tunajua Julai ni mwezi wa ukungu. Chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilitufundisha. Tulikuwa tunapiga mrututu (dawa ya shaba) kabla ya mvua na siyo baada ya kuona madoa, kwa sababu dawa ile inakinga, haiponyi. Naona vijana wa parachichi wanangoja matunda yawe na madoa meusi ndipo wakimbilie duka la pembejeo. Wakati huo imeshapita.

Pia niseme kuhusu maua. Hass ua lake linafunguka mara mbili: asubuhi linafunguka likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka likiwa dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume chake, jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Ndiyo maana tunashauriana kuchanganya miti michache ya Fuerte. Sasa baridi ikizidi wakati wa maua, ratiba hiyo inavurugika, ua linachelewa kufunguka, na nyuki hawatoki kwenye mzinga asubuhi ya ukungu. Kwa hiyo mtu asione maua mengi yakapukutika akasema mti una ugonjwa. Aweke mizinga, na asipige dawa za wadudu mchana maua yakiwa wazi.

Mwanakitalu

Marahaba... hapana, shikamoo mzee wangu. Asante kwa darasa la maua.

Kwenye mrututu niongeze tahadhari kwa wenzangu wadogo: mrututu kwenye majani hautibu mizizi iliyooza. Ni ugonjwa mwingine, mahali pengine. Na dawa yoyote mnayouziwa kwa jina la "tiba ya mizizi", soma kibandiko kama imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea iliyoko Ngaramtoni. Kama haina usajili irudishe. Kwa ushauri wa miche na magonjwa yake, TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo, pelekeni tawi na mizizi kwenye mfuko, siyo picha ya jani peke yake.

Chekereni Juu

Samahani wakuu, mimi niko ukanda wa chini Moshi, huku baridi hatuijui sana. Majani ya miche yangu yanakauka ncha na kingo, katikati ni ya kijani. Jirani ameniambia ni baridi ya usiku. Natumia maji ya kisima.

Mkulima wa Kisongo

Onja hayo maji mkuu. Yana chumvi?

Chekereni Juu

Yana chumvi kidogo, kunywa tunakunywa.

Mwanakitalu

Hapo umejibiwa. Jani linalokauka kuanzia ncha, halafu kingo, katikati likibaki kijani, mara nyingi ni chumvi. Mparachichi ni mti dhaifu sana mbele ya chumvi, maji ambayo mgomba unayavumilia yenyewe yanauunguza. Na ukimwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji hayo unaijenga chumvi pale pale kwenye mizizi, maana maji yanapaa na chumvi inabaki.

Kwako, tofauti na Binti Kibosho, ukimwagilia mwagilia kwa wingi mara moja ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, kisha subiri udongo uanze kukauka. Hii inafaa tu kama maji yanapita; kama udongo wako ni ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, inua tuta kwanza. Kinga maji ya mvua ya vuli kwenye tangi au pipa, uyatumie kuoshea udongo. Kabla hujapanda mingine, peleka maji yapimwe. Wengine wa ukanda huo wamefanya vizuri zaidi na maembe, na sioni aibu yoyote kukushauri hivyo ingawa ninauza parachichi.

Binti Kibosho

Mrejesho wakuu. Tumeziba mfongo, ulikuwa unavuja sehemu mbili. Nimefukua mitatu, miwili ina mizizi myeupe, mmoja nusu kwa nusu. Nauliza: kiangazi kikifika nianze lini kuimwagilia na kiasi gani? Naogopa sasa hata kushika ndoo.

Mwanakitalu

Usiogope dada. Kuanzia Agosti uwe unaingiza mkono mara mbili kwa wiki. Siku utakayokuta udongo wa kina cha kiganja unamomonyoka, ndiyo siku ya kuanza, iwe mapema au mwishoni mwa mwezi. Mche wa mwaka wa kwanza mpe ndoo ya lita 20 kwa wiki, uigawe mara mbili, jioni, uimwage polepole kuzunguka na siyo kwenye shina. Jua la Septemba na Oktoba likikaza ongeza, na matandazo yawe manene hapo. Vuli ikianza kunyesha vizuri, acha tena.

Ule wa nusu kwa nusu mpe maji machache zaidi ya wenzake, kwa sababu mizizi yake ni nusu. Mche huo ukitoa majani mapya Oktoba, utakuwa umepona. Usipotoa, ung'oe kabla ya mvua ili usiambukize hiyo miwili.